Mume Amepata Kiharusi na Duka Limefungwa: Nitalijuaje Kusudi la Mungu?

Swali

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Ninaishi Iringa na nina watoto watatu. Mwaka juzi mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori, alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki vizuri. Wakati mwingine anasema 'ndiyo' akimaanisha 'hapana'. Nilikopa ili atibiwe, marejesho yakala mtaji, na sasa duka langu limefungwa. Mwanzoni watu wa jumuiya walijaa nyumbani, siku hizi hawaji. Wachache wanaokuja wananisomea Yeremia 29:11 na kuniambia kuwa Mungu ana kusudi. Mtumishi mmoja amesema kuna madhabahu ya ukoo inayotutesa, nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi 300,000 ili mume wangu ainuke. Nimefunga na kuomba hadi nimechoka. Silali, na usiku mwingine natamani nilale nisiamke. Mwanangu wa kidato cha pili ameniuliza kama Mungu amemwacha baba yake, nami sikuwa na jibu. Je, imani yangu ni haba? Na kama Mungu ana kusudi katika haya, nitalijuaje?"

Jibu

Asifiwe milele, dada yangu. Umeuliza maswali mawili, la imani na la kusudi, lakini katikati ya barua yako kuna jambo la tatu ambalo umelipitisha haraka kana kwamba ni dogo, nalo ni kutamani kulala usiamke. Kwa kuwa nimefanya uchungaji wa hospitali kwa muda mrefu, nimejifunza kuanza na jambo ambalo mtu amelisema kwa sauti ya chini.

Tamaa hiyo huwapata wengi wanaouguza kwa muda mrefu, na si dhambi ya kufichwa. Musa alimwomba Mungu amuue kwa sababu mzigo wa watu ulimzidi (Hesabu 11). Yeremia alilaani siku aliyozaliwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefutwa katika orodha ya watu wa imani kwa sababu ya kusema hivyo. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuchoka na maisha na kuanza kupanga namna ya kuyaondoa. Ikiwa umeanza kufikiria njia, au umeweka kando vidonge au dawa ya shamba, usisubiri ibada ya Jumapili wala usingoje umalize kusoma barua hii. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, akae nawe, vitu hivyo viondolewe nyumbani, na uende hospitali leo hii.

Hata kama hujafikia hapo, kukosa usingizi na kukosa tumaini kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo ni sababu ya kutosha kwenda kuonana na mtaalamu wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Huenda una sonona, ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Wengi huogopa kwamba wakitamka neno "akili" watapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kufungiwa. Kwa kweli wagonjwa wengi wa sonona huhudumiwa kliniki na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wala kwenda kwa daktari si kumwacha Mungu. Mwandishi wa Injili ya tatu, Luka, anaitwa na Paulo tabibu mpendwa, na hatusomi popote kwamba aliambiwa atubu taaluma yake.

Tazama pia namna Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amekimbia, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei kwa kukosa imani, wala hamwelezi kusudi la Mungu. Anamgusa, anamwonyesha mkate na chupa ya maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo kuhusu wito wake yanakuja baadaye, Horebu, mwili ukiwa umepata nguvu. Mpangilio huo una maana kwako. Mtu asiyelala hupoteza uwezo wa kupima mambo. Kila jambo huonekana limefungwa, na sala yenyewe hugeuka kuwa orodha ya hofu. Kwa hiyo nakushauri usimamishe kufunga kwa sasa. Kula, hata kidogo, na utafute mtu wa kukesha na mgonjwa walau usiku mmoja au miwili kwa wiki ili ulale.

Sasa nije kwenye madhabahu ya ukoo. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sababu kubwa kuliko zote ni shinikizo la juu la damu ambalo mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kulihisi. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio pia wenye kazi ya lugha; ndiyo maana mumeo amepoteza vyote viwili kwa pamoja. Mtu akisema kwamba chanzo ni kosa la babu, anapaswa kueleza kwa nini laana ifuate ramani ya ubongo kwa usahihi namna hiyo. Zaidi ya hayo, swali hilo Yesu aliulizwa. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akajibu kwamba si huyu wala si wazazi wake. Na kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa wazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Kitabu kizima cha Ayubu kimeandikwa kupinga hesabu hiyo ya "umeteseka, basi umekosa". Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa na Ayubu siku saba kimya, na hiyo ndiyo huduma bora waliyompa. Walipofungua vinywa waliharibu, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, akisema kwamba Ayubu aliyelalamika ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Kuhusu Yeremia 29:11, sina ugomvi na aya hiyo. Ugomvi wangu ni namna tunavyoikata na kuibandika. Imo ndani ya barua ambayo nabii aliwapelekea watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika sura inayotangulia, ya 28, nabii mwingine aitwaye Hanania anawafurahisha watu kwa kutangaza kwamba katika miaka miwili mambo yote yangerudi kama zamani. Yeremia anasema ni miaka 70. Maana yake ni kwamba watu wazima wengi waliosikia barua hiyo ikisomwa wangekufa Babeli bila kuuona Yerusalemu tena. Kwa watu hao Mungu anasema kwamba anawawazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, na kabla ya kusema hivyo amewaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule wa adui. Kwa hiyo anayekusomea aya ya 11 akuongezee na ile ya 10 na ile ya 5. Tumaini la barua hiyo ni kwamba mahali ambapo hamkuchagua kukaa, Mungu yupo na kazi ipo, na bustani mnayopanda huko ni bustani halali. Hanania naye aliahidi kusudi, tena kwa muda mfupi na kwa uhakika mkubwa, na Biblia inamwita mwongo.

Kuna jambo ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi, na sidhani kama kuna mtu amekutajia. Mtu akifa kwetu, tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, majirani wanakuja na kuni na unga, wanawake wanalala chini pamoja na mfiwa, kwaya inaimba, rambirambi inakusanywa, na baada ya siku kadhaa tunaanua matanga. Huzuni inapewa mahali, watu na muda. Wewe umefiwa bila msiba. Yule dereva aliyekuwa akipiga simu kutoka Tunduma kuuliza watoto wamekula nini, aliyejua bei ya dizeli na kufanya mzaha mezani, kwa namna fulani hayupo. Lakini mume wako yupo, anapumua, anakutazama, na ukilia utaonekana unamtabiria kifo. Watu wa jumuiya walikuja mwanzoni kwa sababu mila yetu inajua kuja mwanzoni. Hawakuacha kuja kwa sababu hawakupendi. Hatuna desturi ya kuketi na msiba usiokuwa na kaburi, unaoanza upya kila asubuhi mgonjwa anapogeuzwa kitandani. Kwa hiyo uchovu wako si kipimo cha imani. Ni huzuni halisi iliyonyimwa matanga.

Huzuni hiyo ina ibada yake katika Biblia, nasi kanisani tumeitumia kidogo mno. Zaburi nyingi sana ni za maombolezo, na wapo wanaomuuliza Mungu "hata lini?" bila kuomba radhi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shangwe wa kufungia, na bado ilihifadhiwa ili iimbwe. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, mbona umeniacha? Anayelalamika mbele za Mungu bado anamwamini kiasi cha kumwambia ukweli. Ukishindwa kuomba kwa maneno yako, soma zaburi hizo kwa sauti, ya 13, ya 42, ya 88, na usijilazimishe kumalizia kwa "lakini nashukuru". Nimeona watu wakipumua kwa mara ya kwanza baada ya miezi kwa kuruhusiwa tu kusoma Zaburi ya 88 na kunyamaza.

Sasa kusudi. Dhana inayokuchosha ni kwamba Mungu ameficha sababu fulani ndani ya kiharusi hiki, na wewe ukiomba vya kutosha utaifumbua, kisha maumivu yatapata maelezo. Sioni Maandiko yakiahidi hivyo. Ayubu hakuambiwa kamwe kwa nini. Warumi 8:28 inasema kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Haisemi kwamba mambo yote ni mema, wala kwamba kila balaa lilitumwa ili tufundishwe somo. Kusudi, kwa Mkristo, ni wito unaomfikia akiwa hapo alipo: nimpende nani leo, nitumie nini kilichobaki, nikatae uongo gani. Wito huo hauhalalishi balaa, lakini unakataa balaa liwe na neno la mwisho. Kusudi hilo unalijua kwa kulitenda kidogo kidogo, na mara nyingi unaliona ukitazama nyuma, si ukitazama mbele.

Paulo katika Warumi 5 anaeleza namna tumaini linavyokua: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Tumaini limewekwa mwishoni. Tunakosea tunapomdai mtu aliye siku ya kwanza ya dhiki alionyeshe tumaini hapohapo, kisha tukampima imani kwalo. Tena mlolongo huo hauendi wenyewe kama mashine. Dhiki ikimkuta mtu peke yake humvunja, na ndiyo maana Paulo anauegemeza juu ya pendo la Mungu lililomiminwa mioyoni, pendo ambalo kwa kawaida hutufikia kupitia mikono ya watu.

Niongeze jambo ambalo huwa linanikera katika mazungumzo ya namna hii. Kila mtu anakuuliza wewe umejifunza nini, kana kwamba mumeo amegeuka kuwa kifaa cha kukufundishia. Yeye pia ni mtu wa Mungu mwenye wito, na huenda giza lake ni kubwa kuliko lako, kwa kuwa hawezi kulisema. Watu wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kutamka. Ugonjwa wake usizungumzwe mbele yake kana kwamba hayupo. Muulize maswali mafupi, moja moja, mpe muda, na kwa kuwa "ndiyo" yake huteleza, mwonyeshe vitu viwili achague kwa kidole. Kisha jaribu jambo hili: anza kuimba pamoja naye wimbo wa ibada aliouimba tangu utotoni, au mwanze Baba Yetu polepole. Kwa wengi, ingawa si kwa wote, maneno ya wimbo na ya sala iliyokaririwa hutoka hata pale ambapo mazungumzo ya kawaida yamegoma, kwa sababu ubongo huyahifadhi kwa njia tofauti kidogo. Yakitoka, mkabidhi kazi ya kuongoza Baba Yetu kabla ya chakula cha jioni. Huo si mchezo wa kumfariji. Ni kumrudishia nafasi yake kama baba nyumbani mwake.

Swali la uponyaji nalijibu kwa uangalifu. Endelea kuuomba, Yakobo anaagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na huduma hiyo hailipiwi. Lakini omba huku vidonge vyake vya shinikizo vikimezwa kila siku, maana kuviacha kwa sababu "tayari ameombewa" ni njia ya haraka ya kupata kiharusi cha pili. Ulizia hospitali huduma za utengamao, yaani mazoezi ya viungo na mafunzo ya usemi. Maendeleo makubwa kwa kawaida huonekana miezi ya mwanzo, na sitakudanganya kwamba baada ya miaka miwili atarudi kwenye usukani. Hata hivyo hatua ndogo, kama kushika kijiko au kutamka jina la mtoto, zinaweza kuja hata baadaye. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Sijui mtu yeyote anayeweza kusema kwa haki kwamba Paulo alikuwa na imani haba.

Kuhusu watu wa jumuiya, una njia mbili. Unaweza kungoja wakumbuke wenyewe, nayo huacha uchungu. Au unaweza kuwaomba kwa majina na kwa kazi. Nakushauri ya pili, ingawa najua ombaomba ni neno linalochoma kwetu. Usiseme "mniombee" peke yake. Mwambie mzee wa kanisa: nahitaji mwanaume mmoja aje Jumanne na Ijumaa kumwogesha mume wangu na kumfanyisha mazoezi, na mama mmoja alale hapa Alhamisi. "Mchukuliane mizigo" inatimizwa kwa ratiba. Na ikiwa mkopo wako ni wa hawa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, usihangaike nao gizani: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wa namna hiyo wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Chukua mkataba, nenda na ndugu mmoja kwenye ofisi ya msaada wa kisheria au ya ustawi wa jamii, muombe marejesho yapangwe upya kabla hujafikiria kufungua duka.

Mwanao wa kidato cha pili amekupa heshima kubwa kwa kukuuliza wewe. Mwambie kwamba hapana, Mungu hajamwacha baba, na kwamba hata wewe hujui kwa nini haya yametokea, na kwamba anaruhusiwa kumkasirikia Mungu katika sala. Mtoto akisikia kwamba mama ana imani na pia hana jibu, anajifunza kuwa viwili hivyo hukaa nyumba moja. Mfuatilie pia masomo na usingizi. Mtoto wa umri huo hujificha nyuma ya utii.

Limebaki suala la shilingi 300,000. Usizitoe. Simoni wa Samaria alipotaka kupata karama ya Mungu kwa fedha, Petro alimjibu kwa ukali kuliko nitakavyokujibu mimi. Kama moyo wako unatamani kumtolea Mungu, 2 Wakorintho 8:12 inasema kwamba nia ikiwapo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Hata sarafu moja kwenye kapu la Jumapili inatosha. Na ikiwa fedha hizo tayari umeziazima ili kupanda mbegu, zirudishe wiki hii, isipokuwa kiasi cha dawa za shinikizo za mwezi mmoja na nauli ya kwenda kliniki, kwa ajili ya mumeo na kwa ajili yako.